Sheria za Riadha Zizungumze Lugha ya Mkimbiaji

Tarehe 23 Oktoba 2025, Kitengo cha Uadilifu wa Riadha chenye makao yake huko Monaco kilitangaza kwamba Ruth Chepngetich amepigwa marufuku kwa muda wa miaka 3. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza duniani kumaliza mbio za marathoni kwa muda usiofika saa mbili na dakika kumi, rekodi aliyoiweka mjini Chicago mnamo Oktoba 2024 na ambayo uamuzi ule haukuifuta. Magazeti, redio na mabaraza ya vijijini yalijaa maswali kuhusu kilichopatikana katika mkojo wake, yaani dawa ya kutoa maji mwilini ambayo madaktari huwapa wagonjwa wenye shinikizo la damu. Ni maswali ya haki. Lakini ni wachache mno waliojishughulisha na hesabu iliyokuwa ndani ya taarifa yenyewe. Adhabu iliyokusudiwa ilikuwa miaka 4. Mwaka 1 uliondolewa kwa sababu mshtakiwa alikiri kosa na kuikubali adhabu mapema.

Nafuu hiyo inatokana na Ibara ya 10.8.1 ya Kanuni za Dunia za Kupambana na Dawa Michezoni. Ibara hiyo yasema kwamba mwanariadha anayekabiliwa na adhabu ya miaka 4 au zaidi atapunguziwa mwaka mmoja iwapo atakiri na kukubali katika muda usiozidi siku 20 tangu kupokea hati ya mashtaka. Siku 20! Na hati yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ambamo ibara moja humrejesha msomaji katika ibara nyingine, na hiyo nyingine humpeleka katika faharasa ya maana mwishoni mwa kitabu. Anayeisoma na kuielewa siku ya kwanza anazo siku zote 20 za kutafakari na kushauriana. Je, yule anayeizungusha kijijini akitafuta wa kumfasiria anazo ngapi?

Simsemi Chepngetich hapa, kwani yeye aliutumia muda huo na akafaidika nao. Nawasema mamia ya wakimbiaji wasiojulikana, wanaoamka alfajiri kukimbia katika barabara za vumbi za nchi hii, na ambao siku moja watatiwa kalamu mkononi na kuonyeshwa mahali pa kuweka saini. Tangu kitengo hicho cha Monaco kianze kazi mwaka wa 2017, zaidi ya Wakenya 100 wamepigwa marufuku. Tumelijadili jambo hili kama suala la maadili, la umaskini, la madaktari walaghai na mawakala wenye tamaa. Yote hayo yamo. Suala la lugha, hata hivyo, halijapata mtetezi, na mimi nisemaye ni mwanaisimu, kwa hiyo wasomaji watanivumilia nikilichukua kuwa langu.

Naomba turudi nyuma zaidi ya miaka 30, hadi Nyahururu, ng'ambo ya pili ya safu ya Nyandarua tunayoitazama kutoka hapa Kangari. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa, ila walimu wao wanalikumbuka vyema jina la John Ngugi. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano: kuanzia 1986 hadi 1989 mfululizo, kisha 1992 huko Boston. Mwaka wa 1988 mjini Seoul, aliwaacha wenzake mapema mno katika mbio za mita 5,000, akaendelea peke yake hadi utepeni kwa muda wa dakika 13 na sekunde 11.70. Katika michezo iyo hiyo Julius Kariuki, naye wa Nyahururu, alitwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mji mdogo, dhahabu mbili za Olimpiki.

Mwezi wa Februari 1993 mgeni alifika nyumbani kwa Ngugi bila taarifa. Alikuwa Mwingereza aliyetumwa na IAAF, shirikisho la riadha duniani ambalo tangu 2019 laitwa World Athletics, na alitaka mkojo. Upimaji wa kushtukiza nje ya mashindano ulikuwa jambo geni katika vijiji vyetu wakati huo. Ngugi alikuwa amezoea kupimwa viwanjani, baada ya mbio, penye meza, maafisa na vitambulisho vya kuning'inizwa shingoni. Hakutoa sampuli. Alipigwa marufuku kwa miaka 4. Maelezo yake yalikuwa kwamba mgeni hakujitambulisha ipasavyo. Baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa kwa rufaa, kwa msingi kwamba hali ilikuwa ya kipekee. Lakini mkimbiaji aliyesimamishwa akiwa na umri wa miaka 30 hasimami tena pale alipokuwa, na ubingwa haukumrudia.

Msomaji atambue jambo moja. Siku ile hapakuchukuliwa sampuli, kwa hiyo hapakupatikana dawa. Kilichopatikana ni kitenzi: alikataa. Maisha ya bingwa wa dunia mara tano yaligeuzwa na mazungumzo mafupi baina ya watu wawili mlangoni, ambayo kila mmoja aliyaelewa kwa namna yake.

Sidai kwamba Ngugi hakujua Kiingereza. Alikuwa mwanajeshi, naye alikuwa amezunguka ulimwengu. Lugha si msamiati tu. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba yapo maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Hakimu anaposema "nakuhukumu", hasimulii hukumu, anaitoa. Lakini tendo kama hilo lina masharti. Msemaji awe na mamlaka, na msikilizaji atambue kwamba tendo limetendeka. Kumwarifu mwanariadha kwamba amechaguliwa kupimwa ni tendo la aina hiyo hasa. Kabla ya maneno hayo, mtu yu huru kwenda kukamua ng'ombe. Baada yake, akienda kukamua bila ruhusa na bila kusindikizwa, anaweza kuwa amevunja sheria. Hali yake kisheria imebadilika ghafla ingali saa kumi na moja alfajiri, na pengine yeye hana habari.

Walioziandika kanuni wanalijua hilo kwa kiasi. Ibara ya 2.3 inahesabu kuwa ni kosa kukwepa kutoa sampuli, au kukataa au kukosa kuitoa bila sababu ya kuridhisha, "baada ya kuarifiwa na mtu mwenye idhini". Viwango vya kimataifa vya upimaji vinamlazimu afisa ajitambulishe kwa hati, aeleze ametumwa na nani, ataje wajibu na haki za anayepimwa, na kumwonya juu ya matokeo ya kukataa. Miongoni mwa haki hizo ni kuwa na mwakilishi na, hapa tusome polepole, mkalimani "iwapo yupo". Maneno mawili tu hayo, lakini yameibeba haki yote mabegani! Mwakilishi hana sharti hilo. Mkalimani ndiye aliyewekewa. Asipokuwapo, kazi inaendelea, fomu inajazwa, saini inawekwa.

Sasa tuvitazame vitenzi vyenyewe: kukwepa, kukataa, kukosa. Ufafanuzi uliomo ndani ya Kanuni wasema kwamba kukwepa na kukataa ni matendo ya makusudi, ilhali kukosa kwaweza kuwa kwa makusudi au kwa uzembe. Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Aliyekataa adhabu yake huanzia miaka 4. Aliyekosa, akithibitisha kwamba hakukusudia, hupewa 2. Kati ya kitenzi kimoja na kingine pana miaka miwili ya riziki. Huwa nawapa wanafunzi wangu wa tafsiri ibara hii waitie katika Kiswahili, na kila mwaka ugumu hujitokeza pale pale. "Kukosa" katika lugha yetu ni kutopata au kutofanya, lakini pia ni kutenda kosa. Ukimwambia mtu "umekosa kutoa mkojo", tayari umemhukumu nusu. Ukichagua "kushindwa", umempa udhuru, kwa sababu anayeshindwa ni yule aliyejaribu. Na mkimbiaji akiulizwa alfajiri ile akajibu kwa Kiswahili "sitoi sasa", amekataa au ameomba angoje? Afisa ataandika kitenzi kimoja cha Kiingereza katika ripoti yake, na huo ndio utakaokuwa ukweli wa kesi hadi Lausanne.

Neno "dawa" nalo lina mikasa yake. Kiswahili kimeliachia neno hili mzigo mkubwa: dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya kupulizia mboga, dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa za kulevya. Kikuyu nacho kina "ndawa" yake yenye mzigo uo huo. Fomu ya upimaji humtaka mwanariadha aorodheshe dawa na virutubisho alivyotumia katika siku 7 zilizopita. Kwa mtu wa kawaida, "umetumia dawa?" ni swali la tuhuma, na jibu la mwenye heshima zake ni "la, hasha". Hivyo haandiki ile tembe ya maumivu aliyonunua dukani Jumanne, wala sindano aliyodungwa katika zahanati. Kumbe orodha ile ingemfaa baadaye, kwani kitu kilichotajwa mapema huaminika kuliko kinachokumbukwa baada ya maabara kusema. Wanahabari wenzetu wamejitahidi siku hizi kulitumia neno "pufya" kwa dawa hizi haramu za michezoni, na mimi nalipenda kwa sababu linaitenga maana. Sharti tu lifike Kangari kabla ya mpimaji.

Juu ya yote hayo pana fikra ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sheria hizi: kwamba mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia, awe alijua au hakujua. Tuiite dhima isiyotegemea nia. Naikubali. Bila hiyo, kila mdanganyifu angesema ametiliwa kitu katika chai, na hapangekuwa na mchezo. Lakini mtu anapobebeshwa dhima nzito kiasi hicho, aliyembebesha anakuwa na wajibu mzito vivyo hivyo wa kumwambia, kwa lugha anayoielewa, ni nini alichobebeshwa. Sheria isiyouliza nia yafaa iulize ufahamu.

Katiba yetu ya 2010 inasemaje? Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi, na kinaongeza kwamba taarifa yoyote anayostahili kupewa chini ya kifungu hicho itolewe kwa lugha anayoielewa. Hapana "iwapo yupo". Kwa hiyo mtu anayeshtakiwa kwa kuiba kuku mbele ya mahakama ya Kigumo, kilomita chache kutoka hapa, analindwa na Katiba tangu anapokamatwa hadi anapohukumiwa. Jirani yake anayekabiliwa na kupoteza miaka 4 ya kazi yake, zawadi alizokwisha kushinda na jina lake, anapewa fomu. Mawakili watanijibu kwamba mambo ya michezo si jinai, kwamba ni mkataba kati ya mwanachama na shirikisho lake. Wako sawa kisheria. Ila mkataba nao una sharti lake la kale, kwamba waliokubaliana wawe wamekubaliana juu ya jambo moja.

Hapa sina budi kuwa mwaminifu kwa upande wa pili. Katika kesi za dawa zinazosikilizwa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, udhuru wa elimu duni hutolewa mara kwa mara, na wapo wanaoutumia kama mwavuli. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alipigwa marufuku kwa miaka 4 mnamo 2020 kwa kutopatikana alipopaswa kupimwa na kwa kutoa ushahidi wa uongo. Atakayeniambia kwamba huyo alihitaji kamusi, sitamsikiliza. Anayebuni kisa cha kuielezea barua ameielewa barua. Kadhalika naelewa kwa nini World Athletics imeiweka Kenya tangu 2018 katika kundi la nchi zenye hatari kubwa zaidi, ambazo kila mwanariadha wake sharti apimwe kwa kushtukiza angalau mara 3 katika miezi 10 kabla ya mashindano makubwa. Tulijiletea wenyewe.

Lakini tazama jinsi hoja hii inavyogeuka. Kadiri upimaji unavyoongezeka, ndivyo mazungumzo ya mlangoni yanavyoongezeka, na ndivyo wanavyoongezeka wasio mabingwa, wasio na wakala wala wakili, wanaokutana na lugha hii kwa mara ya kwanza. Mwongo hushughulikiwa vizuri zaidi pale ambapo kutoelewa hakuwezi kusingiziwa. Mashtaka yakisomwa kwa Kiswahili fasaha na kutiwa saini kwa Kiswahili, mwavuli ule umefungwa. Nashangaa kwamba wanaowasaka wadanganyifu hawajaona kuwa tafsiri ni silaha yao.

Kuna historia nyingine ndogo inayostahili kukumbukwa katika jambo hili. Mwaka wa 2016, Kenya ilipokuwa katika hatari ya kukosa Olimpiki za Rio, Bunge lilipitisha kwa haraka Sheria ya Kupambana na Dawa Michezoni, naye Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini mwezi wa Aprili. Mwezi uliofuata shirika la dunia, WADA, likatangaza kwamba bado nchi yetu haijatimiza masharti, kwa kuwa maneno ya sheria hiyo hayakulingana na Kanuni za dunia. Ikarekebishwa, na Agosti tukaondolewa katika orodha ya aibu. Serikali nzima, yenye mwanasheria mkuu na waandishi wa miswada walioajiriwa kwa kazi hiyo, iliyakosea maneno haya na ikapewa miezi ya kuyarekebisha. Mkulima wa chai anayekimbia hupewa siku 20.

Tena maandishi yenyewe yamejiwekea ngome. Kanuni za dunia huchapishwa rasmi kwa Kiingereza na Kifaransa, na zikihitilafiana Kiingereza ndicho kishindacho. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Lausanne hufanya kazi kwa Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2020, Kihispania. Na tusiwacheke Wazungu: Kifungu cha 259 cha Katiba yetu wenyewe chasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakipingana, lile la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Mahakama Kuu yetu huendesha kesi kwa Kiingereza. Majirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria yao mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mwezi wa Februari mwaka huo Jaji Zephrine Galeba akasifiwa na Rais Magufuli kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Mtu aweza kubishana juu ya namna walivyoharakisha. Hawezi tena kudai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuyabeba mambo ya sheria.

Nimekwisha kusikia pingamizi kwamba wanariadha wajifunze Kiingereza tu, basi. Samuel Wanjiru wa Nyahururu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka wa 2008, alipelekwa Japani akiwa kijana wa miaka 15, akasoma huko shule ya sekondari na kujifunza Kijapani. Douglas Wakiihuri, mshindi wa fedha ya marathoni kule Seoul, alikuwa ametangulia kuishi na kufanya mazoezi nchini humo. Vijana wetu hawakosi akili ya kujifunza lugha. Wamejifunza lugha ya kila aliyewapa muda na mwalimu. Kinachonikera ni kwamba Mjapani aliwapa vyote viwili, nasi tunawapa fomu.

Nina mapendekezo, nami nitayataja kwa ufupi kwa sababu si mageni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya tafsiri. Shirika la Kupambana na Dawa Michezoni la Kenya, ADAK, litoe toleo la Kiswahili la sheria na kanuni zake lililopitiwa na wanasheria na wanalugha kwa pamoja, lenye istilahi zilizokubaliwa, si vipeperushi vya picha pekee. Kipeperushi hakimfungi mtu wala hakimteteI mbele ya jopo. Hatuwezi kuzirefusha zile siku 20, kwa kuwa nchi haina mamlaka ya kubadilisha kanuni za dunia ilizotia saini. Tunaweza kuhakikisha kwamba kila hati ya mashtaka inayotoka kwa shirika letu wenyewe inafuatana na tafsiri yake siku iyo hiyo. Kwa hati zinazotoka Monaco, chama cha Riadha Kenya kiwe na wakalimani walioandaliwa, ambao namba yao ya simu iko mikononi mwa kila mkimbiaji aliye katika orodha ya kupimwa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na fedha ambazo serikali iliahidi mwaka wa 2022 kuzitumia katika vita hivi ili tusifungiwe: dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5.

Walimu watauliza hayo yanawahusu vipi. Yanawahusu kwa sababu barua isiyoeleweka inapofika kijijini, hupelekwa kwa mwalimu. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu, na haijabadilika kwa kuja kwa simu. Mwalimu wa Kiswahili wa shule ya kutwa, aliyemfundisha kijana huyo insha na ufahamu, ndiye atakayegongewa mlango usiku na kuombwa asome kurasa 6 za mashtaka. Naomba ajue mambo machache kabla ya kubishwa hodi. Tarehe ya kupokea barua iandikwe papo hapo, kwa kuwa siku zinahesabiwa. Sampuli iligawanywa katika chupa mbili, na chupa ya pili haifunguliwi isipoombwa katika muda uliowekwa, hivyo kunyamaza huhesabiwa kuwa kuridhika. Kukiri kunapunguza adhabu, lakini mtu asikiri asichokifanya kwa kuogopa tu Kiingereza cha barua. Atafutwe wakili kabla ya kuandikwa jibu lolote, hata jibu la heshima la kushukuru.

Hata fomu ya mahali alipo mwanariadha ni mtihani wa lugha, na hapa wanafunzi wanaweza kusaidia. Aliye katika orodha ya kupimwa hutakiwa aandike, kwa miezi mitatu mbele, atakapolala kila usiku na dakika 60 za kila siku ambapo atapatikana bila shaka, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku. Akikosekana mara 3 katika miezi 12, ni kosa sawa na kupatikana na dawa. Fomu inataka jina la barabara na namba ya nyumba. Nani hapa Kigumo ana namba ya nyumba? Sisi husema: ukipita kituo cha kununulia majani chai, shika njia ya kanisa, uliza kwa mama fulani. Maelekezo hayo ni sahihi kabisa, na mgeni yeyote mwenye kinywa hufika nayo. Katika fomu yanasomeka kama ukwepaji. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa kuandika maelekezo anaweza kumkalisha jirani yake mkimbiaji, wakachora ramani, wakaandika vizuri alama zinazoonekana na namba za simu za watu wawili wa pale nyumbani. Ni zoezi la nusu saa.

Pendekezo langu la mwisho ni dogo kuliko yote, na halihitaji Bunge. Fomu anayoitia saini mwanariadha baada ya kupimwa ina nafasi ya jina, ya tarehe, ya saa, ya namba za chupa, ya dawa alizotumia, na ya malalamiko kama anayo. ADAK iongeze mstari mmoja katika karatasi zake yenyewe, juu kidogo ya saini: "Nimeelezwa haki na wajibu wangu kwa lugha ya", kisha nafasi tupu, ijazwe kwa mkono wa anayepimwa.